Saa ya Mahari Yangu

Siku ya nikahi yangu nilikuwa chumba cha ndani, nimefunikwa, na shangazi yangu amekaa mlangoni asiingie mtu. Wanaume walikaa barazani. Nawajua wote. Hata leo nikifumba macho naweza kukutajia nani alikaa mkekani karibu na nguzo, nani alichelewa akakalia kinu kilichopinduliwa, nani alikohoa mpaka akaletewa maji. Majina yao ninayo, na ya baba zao, na ya watoto waliowazaa baadaye. Sitayaandika, kwa sababu wajukuu wao ndio majirani zangu na kila mmoja ana maneno yake juu ya jambo hili. Ninachoshindwa kukwambia ni neno moja tu lililosemwa pale barazani. Mahari yangu ilitajwaje?

Mahari yenyewe ilikuwa saa. Hilo halina ubishi.

Mume wangu, wakati huo hajawa mume wangu, alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge huko Tanga. Uhuru ulikuwa bado mpya, bendera tukipita tulikuwa bado tunasimama kuitazama. Vijana wenzake walirudi na baiskeli na magodoro. Yeye alirudi na saa ya mkono ameifunga kwenye leso, leso ndani ya mfuko wa shati, na mfuko umebanwa kwa pini. Aliinunua kwa baharia bandarini. Ilikuwa na rangi ya dhahabu kuanzia mkanda mpaka kichwa cha kutilia ufunguo, na usoni imeandikwa jina la saa ya Kizungu ambalo hata sisi watu wa shamba karibu na Kitomanga tulikuwa tumelisikia. Baba yangu aliiweka sikioni. Akampa mdogo wake, naye akaiweka sikioni, ikazunguka baraza zima watu wanaisikiliza kama wanasikiliza tumbo la mgonjwa.

Baba akasema, "Mimi hii siigusi tena. Dhahabu kwa mwanamume haramu. Mpeni mwenyewe binti."

Hayo niliyasikia, maana baba alikuwa na sauti. Ndipo shangazi akaja kuniuliza. Alisema, "Mahari yako saa, umeridhika?" Au alisema, "saa ya dhahabu"? Au alisema, "saa hiyo waliyoileta"? Mimi nilinyamaza, maana ndivyo tulivyofundwa, msichana akiulizwa habari ya kuolewa ananyamaza, na kimya chake kinachukuliwa ndiyo. Nilinyamaza vizuri kabisa. Tabu ni kwamba nilishughulika mno na kunyamaza, sikusikiliza.

Basi nikaolewa. Saa nikaivaa karibu na kiwiko, maana chini zaidi ilikuwa inachomoka. Kusoma sikujua. Mtu akiniuliza saa ngapi, naitazama saa yangu kwa heshima zote, kisha natazama kivuli cha nyumba, ndipo najibu. Mume wangu hakuivaa hata siku moja. Akitaka kutoka nayo anaifunga kwenye leso ile ile, kwa sababu ya ile haramu.

Kilipokuja kisomo cha watu wazima nikaenda, na tarakimu nilijifunzia kwenye saa yangu. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa mara ya kwanza. Mshale mfupi uko kwenye saba, na sisi sote tunasema saa moja. Nikamuuliza mwalimu wa kisomo.

"Unatazama mshale, kisha unasoma namba ya upande wa pili," akaniambia.

"Kwa nini usikae pale pale tunaposema?"

"Ndivyo Wazungu wanavyohesabu, mama."

"Lakini saa ni yangu."

Darasa zima likacheka. Mimi nikaizungusha mishale mpaka ikasema kinachosemwa na midomo yetu, na tangu siku hiyo haijarudi kwa Wazungu.

Masika moja saa ikasimama. Mume wangu akanipa nauli ya lori, nikaenda Lindi mjini kwa fundi saa. Alikuwa mzee, kibaraza chake mbele ya duka la nguo, na kijidude cheusi chenye kioo amekibana jichoni.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mgonjwa wako ana nini?"

Nikampa. Akaingiza ncha ya kisu nyuma, kifuniko kikatoka. Akatazama ndani. Akanitazama mimi.

"Umeipata wapi?"

"Kwa mume wangu. Mahari."

Alikirudisha kifuniko upesi kama mtu aliyesukuma mlango wa choo akakuta kuna mtu.

"Sema tu, babu."

"Mwanangu, hili jina la nje silo la ndani. Bandia hii. Na dhahabu yake imechovywa. Tazama hapa unapokaa mkanda, pameshaanza kuchubuka."

"Itatembea?"

"Kutembea itatembea, kamani tu imekatika." Kamani ni ule utepe wa chuma uliojikunja unaoisukuma saa. "Lakini kamani yake siuzi mimi wala hauzi mtu. Hizi dawa yake ni ndugu zake. Tafuta nyingine iliyokufa, utoe kwa maiti umtie mgonjwa." Akacheka mwenyewe. "Na huko kwenu zinakufa nyingi kila baada ya msimu wa korosho."

Kweli zilikuwa zinakufa. Msimu ukifika wachuuzi walikuja na saa zimejaa mkono mzima, za dhahabu tupu, zenye majina makubwa makubwa. Vijana wakiuza korosho wananunua, wanakunja mikono ya shati. Masika yakija, jasho na mvua vimeziua. Mimi nikawa nazipokea. Huyu nampa mihogo, yule namsukia ukili wa mkeka, mwingine ananitupia tu, "Chukua, bibi wa saa, kamzike." Nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Mume wangu alidhani nachezea. Fundi alinionyesha kufungua, na bisbisi nikajitengenezea kwa uti wa mwavuli, nimeunoa juu ya jiwe mpaka ukawa kama sindano. Nikikaa kazini naweka vyuma juu ya sahani nyeupe na siruhusu mtu kupiga chafya.

Nilichojifunza mwanzo kilinivuruga kichwa. Nilidhani saa zenye uso mmoja ni ndugu. Wapi! Mbili zenye jina lile lile, ndani hazijuani hata salamu. Na moja yenye uso mwingine kabisa, mbaya, ya mraba, ndiyo iliyokuwa na tumbo sawa na la kwangu, na hiyo ndiyo iliyotoa kamani. Nyingine ikatoa gurudumu. Nyingine ikatoa mishale. Nyingine kioo. Kila mwaka kitu kinaingia na kitu kinatoka, na siku moja nikitazama kwenye sahani nikaona vyuma vyote tulivyoletewa kutoka Tanga vimelala pale, vimekufa, na saa iko mkononi mwangu inatembea. Kilichobaki cha asili ni uso, ganda na mkanda.

Nikakaa nikijiuliza, sasa mahari yangu ni ipi? Iliyo kwenye sahani au iliyo mkononi?

Kumwuliza mume wangu sikuweza. Mtu amekata mkonge, mikono imejaa makovu ya miiba, anaamini alinioa kwa dhahabu. Nikaenda kwa mwalimu wa chuo, yule aliyewasomesha wanangu Kurani. Nikajifanya namwulizia mwenzangu.

"Mwalimu, kuna mwanamke alitajiwa mahari ya dhahabu, ikaja kuonekana si dhahabu. Ameolewa huyo?"

"Ameolewa. Ndoa haianguki kwa hilo. Ila kama ilitajwa dhahabu, mume bado ana deni la dhahabu, au mke amsamehe. Kama walisema saa hii hapa, wakaionyesha, basi ameshapewa. Ilitajwaje?"

Sikuwa nimesema saa. Nikajua ameshanijua.

"Hajui, mwalimu."

"Hakuwepo kwenye harusi yake?"

"Alikuwa ndani."

"Basi awaulize mashahidi."

Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa jirani, nilimkuta anapalilia. Akasema, "Dhahabu, ilitajwa dhahabu, nakumbuka mpaka baba yako alivyojikohoza." Wa pili alikuwa amehamia Rutamba. Nilimfuata huko na kuku mkononi. Akasema, "Saa. Ilisemwa saa, basi. Tena mimi ndiye niliyeuliza saa ya namna gani, nikaambiwa ninyamaze, wali unapoa." Baba alikuwa ameshafariki, na shangazi pia. Nilirudi kwangu sina nilichopata, na kuku nimemwacha Rutamba.

Kisha tukahamishwa. Nyumba zetu zilikuwa mbalimbali, kila mtu na mikorosho yake, tukaambiwa tukae kijiji kimoja, tulime shamba moja. Kijijini pakatundikwa ringi ya lori ya kugonga asubuhi watu waende shamba la kijiji. Mwenyekiti akauliza nani ana saa inayotembea. Watu wote wakamgeukia mume wangu. Akapewa kazi ya kugonga ringi, na saa yangu ikawa ya kijiji, ndani ya leso.

Mambo yalikwenda sawa mpaka kipupwe. Saa ilikuwa imeanza kukwaruza, nikaitia mafuta ya nazi, tone dogo kwa unyoya wa kuku. Ikalainika, nikafurahi. Lakini asubuhi ikaanza kusimama. Mume wangu anaamka, saa imelala saa tisa ya usiku, haijui lolote. Akiishika kiganjani kidogo inaanza kutembea, tena bila aibu. Ringi ikagongwa jua limepanda. Siku ya pili hivyo hivyo. Watu walifurahi, wanawake wakawa wananiambia njiani, "Mwenzetu, hiyo saa usiibughudhi, iache ipumzike na sisi tupumzike." Wengine wakasema ina jini asiyependa baridi. Mimi nikafungua, nikatazama, kila kitu kizima. Nikafunga. Sikuelewa kabisa. Na kila asubuhi pembeni yangu ilikuwepo chupa ya mafuta ya nazi iliyoganda, nyeupe kama samli, naitoa juani iyeyuke ndipo nijipake. Macho yaliona, akili haikufika.

Shamba likawa nyuma, magugu yakapanda, na mwenyekiti akasemwa na wakubwa, naye akaisingizia saa. Akaja bwana mmoja kutoka wilayani na gari. Tukakusanywa. Akaitaka saa. Mume wangu akafungua leso mbele ya watu.

Yule bwana akaitazama, akatazama ya kwake. "Hii inasema saa mbili."

"Ni saa mbili, bwana," akasema mume wangu.

"Yangu iko kwenye nane."

"Na wewe unasema saa ngapi?"

"Saa mbili," akasema, kisha akakunja uso, watu wakaangua kicheko. Nadhani kicheko hicho ndicho kilichotuponza. Akaigeuza, akatoa kisu kidogo cha kwenye funguo zake, akabandua kifuniko. Alikuwa anazijua saa, hilo siwezi kumnyima. Akatazama ndani akasema kwa sauti ya mkutano, "Wananchi, mnaendeshwa na saa ya bandia. Hii wala si dhahabu, ni shaba imepakwa."

Pale walikuwepo watu watano waliokaa barazani siku ya nikahi yangu. Niliwaona mmoja mmoja wakinitazama. Kisha mama mmoja, ambaye jina lake linanijia kinywani hata sasa, akasema nyuma yangu, si kwa kunong'ona sana, "Kumbe mwenzetu kaolewa kwa bati."

Mume wangu akaichukua saa, akaikunja kwenye leso, akaondoka.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha uvivu akitazama mikono yake. Nikamletea uji, hakunywa. Kesho yake akaanza kushona begi lake la turubai lililochanika. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Mkonge."

"Kufanya nini, baba watoto? Umri huo?"

"Kuleta dhahabu. Nilikuoa kwa dhahabu, utapata dhahabu. Sikai na mke anayeambiwa kaolewa kwa bati."

Wanaume waliokwenda mkonge mara ya pili kutoka kwetu naweza kuwahesabu kwa majina, na kwa majina hayo hayo naweza kukwambia hawakurudi. Mmoja alioa huko, mmoja alikufa, mmoja hatujui. Nikaona nitabaki na watoto, na kopo la saa zilizokufa, na neno bati.

Nikatoa kopo. Nikamwaga zote juu ya mkeka mbele yake, na vile vyuma vya zamani nilivyovihifadhi kwenye kitambaa.

"Hivi ndivyo ulivyonipa," nikamwambia. "Vingine nimeweka mimi. Nilikuwa najua tangu kwa fundi wa Lindi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza miaka yote. Ulikuwa unanificha au unanionea huruma?"

"Sijui," nikasema, na wallahi sikujua.

Aliokota gurudumu moja dogo, akalitazama kama anatafuta jina lake. Nikamwambia, "Nisaidie kitu kimoja tu. Pale barazani, ilisemwa saa ya dhahabu au saa? Wewe ndiye uliyekubali."

Akasema, "Mimi nilisema nimekubali kwa mahari hiyo."

"Hiyo ipi?"

"Iliyotajwa."

"Ilitajwa ipi?"

"Mke wangu, nilikuwa natetemeka. Baba yako alinishika mkono, mkono wake mkubwa, sikusikia neno. Walipoacha kusema nikajua zamu yangu imefika."

Tukatazamana. Ndani nilikuwa nimefunikwa, nje alikuwa anatetemeka, na sisi ndio maharusi.

Lakini begi aliendelea kulishona. Nikamkimbilia mwalimu wa chuo, safari hii bila kumsingizia mwenzangu. Akaja kwetu. Akasema, "Jambo jepesi. Mama, msamehe, tuondoke."

Mume wangu akaruka. "Anisamehe nini? Nimeomba msamaha mimi? Niliiba?"

"Basi mama, taja badala yake. Sema unataka nini, akupe, tumalize."

Wote wawili wakanitazama. Mimi nikawa nafikiri kitu kimoja tu, nitaje kitu ambacho hakipatikani Tanga. Kitu cha karibu, mtu anakwenda asubuhi na jioni yuko kwake. Na macho yangu yakaangukia dirishani kwenye ile chupa ya mafuta ya nazi, asubuhi ya baridi, imeganda mpaka shingoni. Nikaitazama. Nikaitazama saa. Maskini, kumbe ni wewe.

"Nataka mafuta ya cherehani," nikasema.

Mwalimu akaniuliza tena kama nimesikia vizuri swali.

"Kichupa cha mafuta ya cherehani. Hayagandi. Yanauzwa Lindi. Hiyo ndiyo mahari yangu iliyobaki."

"Huyu ananicheka," akasema mume wangu.

"Sikucheki. Saa inaganda asubuhi kwa mafuta ya nazi. Nipe mafuta mengine itembee, ringi igongwe. Dhahabu haigongi ringi."

Alikasirika siku nzima. Lakini siku iliyofuata alipanda lori la kwenda Lindi, na begi lake la turubai likabaki msumarini. Siku hizo kupata kitu dukani ilikuwa kazi, wembe huna, sabuni huna. Nilikaa mlangoni mpaka jua likaelekea magharibi, nimejiaminisha kwamba kutoka Lindi amepanda gari la kaskazini. Akaja kwa miguu kutoka barabarani, mkono mmoja umeshika kichupa kama ameshika yai. Alikipata kwa fundi cherehani, baada ya kumkatia kuni.

Mwalimu aliitwa. Majirani wawili wakakaa, mmoja wao yule mama wa bati, nilimwita mwenyewe. Safari hii sikukaa ndani. Nilikaa mkekani, kichwa wazi ila mtandio, masikio wazi. Mwalimu akasema, "Mahari iliyobaki ni kichupa cha mafuta ya cherehani, hiki hapa." Mume wangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwenyekiti, "Ndicho hicho, nimetoa." Nikasema, "Nimepokea."

Nikaifungua saa pale pale, nikaisafisha kwa mafuta ya taa, nikatia tone. Kisha likanijia jambo ambalo hakuna aliyelifikiria, hata mwalimu.

"Baba watoto, si imeonekana si dhahabu?"

"Ndiyo. Unataka kunikumbusha tena?"

"Basi kwako si haramu."

Akaitazama. Miaka yote ameibeba kwenye leso. Akanyoosha mkono polepole kama anayetiwa sindano, nikamfunga. Mkanda ulimkaa sawasawa. Yule mama wa bati akasema, "Haya, bwana harusi," tukacheka sote, na yeye akacheka akitazama kando.

Aliivaa mpaka alipofariki. Kila jioni anaivua ananipa niitie ufunguo, asubuhi namfunga. Ndio maana hata sasa nachanganyikiwa nikiulizwa. Mahari ni ya mke, na ya kwangu ilikaa mkononi mwa mume. Aliyetoa ni yeye, na vilivyomo ndani nilitia mimi kwa mihogo yangu. Na kama ndoa ilitimia siku ya mafuta, wale watoto wa kwanza niwaambie nini? Nilimuuliza mwalimu. Akaniambia, "Mama, mimi nimekwenda zangu."

Wakati wa kugawa urithi, shemeji zangu walikaa barazani kama walivyokaa zamani, waliobaki. Mkubwa wao akauliza, "Na saa ya marehemu?"

Nikasema nikiwa mlangoni, "Ile ni yangu. Ni mahari."

"Lakini alikuwa anaivaa yeye, shemeji."

Wakabishana. Mmoja akasema ni ya marehemu, mwingine akasema aliisikia ikitajwa siku ya nikahi, akaulizwa ilitajwaje, akaanza kujikuna. Mwishowe yule mkubwa akasema, "Si ile bandia? Mwachieni mwenyewe."

Nikaichukua. Bado natia mafuta ya cherehani.